Kadi ya Vyungu vya Wakisi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, katika ukumbi mmoja karibu na soko. Bwana Maendeleo wa wakati huo, afisa wa serikali, alitaka kazi za mikono za watu wa kila kabila ziwekwe chumba kimoja, juu ya meza za urefu mmoja, ili kila atakayeingia aone kwamba hapa hakuna fundi mkubwa wala mdogo. Wazo lilikuwa zuri. Aliyeliharibu ni mimi.

Nilikuwa kijana wa Iringa, nimetoka shule ya misheni na rangi zangu za maji, na nilileta picha mbili za mlima Loleza. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hilo sijisifu bure, hata leo ukiona barua zangu utakubali. Bwana Maendeleo akausifu mbele ya watu, akanipa kazi ya kuandika kadi za kuweka mbele ya kila kitu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nililitia, tena ndoo nzima.

Kadi yangu niliiandika kwanza: jina langu, la baba, la kijiji, na la shule pia. Ikafuata ya Mzee Mwaipopo, mchonga vigoda wa Tukuyu, kisha za wachoraji wenzangu wawili. Nilipofika kwenye meza za akina mama sikumuuliza mtu. Bibi Sekalinga, msusi wa vikapu tuliyepanda naye lori moja kutoka Iringa na kula naye vumbi lote la Usangu, nikamwandikia "Vikapu vya Wahehe". Mama mmoja alitoka Ikombe, kule kando ya Ziwa Nyasa, na vyungu vitatu alivyovifunga kwa majani ya migomba. Vilikuwa vyembamba, vimesuguliwa kwa kokoto mpaka vinang'aa. Nikamwandikia "Vyungu vya Wakisi". Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Niliona tu kwamba mchoraji ni mtu, na chungu ni chungu.

Asubuhi ya ufunguzi yule mama alimwomba Mzee Mwaipopo amsomee kadi yake, maana hakujua kusoma. Akasomewa. Akauliza, "Jina langu mimi liko wapi?" Mzee akamwambia halipo. Yule mama hakugomba. Alivifunga vyungu vyake kimoja kimoja kwa majani yale yale, akajitwika, akatoka. Mimi nilimwona akipita mlangoni, nikadhani anakwenda sokoni.

Bibi Sekalinga alikuwa ameona yote. Akaniita kwa sauti ya chini, na bibi wa Kihehe akishusha sauti, ujue umekwisha.

"Wewe, hii kadi yangu inasemaje?"

"Vikapu vya Wahehe, bibi."

"Wahehe wangapi walisuka hiki kikapu?"

Nikaitazama kadi.

"Si nakuuliza? Baba yako alisuka? Wewe ulisuka? Kule nyumbani ukinikuta njiani husemi kamwene Mhehe. Unasema kamwene Sekalinga, na baba yangu aliyenizaa unakuwa umemtaja. Umevuka Usangu tu, umeshasahau?"

Kwetu mwanamke haachi ukoo wa baba yake hata akiolewa, na salamu isiyotaja ukoo ni nusu ya salamu. Nililijua hilo kabla sijaota meno. Niliona aibu mpaka nikaacha kalamu ianguke.

"Mimi nipo, utaniandika," akasema. "Yule mwenzangu je? Mkimbilie."

Nilikimbia mpaka yanaposimama malori. Lori la Tukuyu, njia ya kwenda kwao ziwani, lilikuwa limekwisha ondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, nikarudi na jasho langu. Niliandika upya kadi za akina mama wote, nikimwuliza kila mmoja jina lake. Wengine walicheka, kwa kuwa mtu mwenye kalamu hakuwahi kuwauliza jina ila siku ya ubatizo.

Wageni walipoingia, Bwana Maendeleo alisimama mbele ya meza iliyobaki tupu. "Hapa alikuwa nani?" Nikajibu, "Mkisi mmoja, bwana." Akaitikia kwa kichwa, akapita. Yeye jibu lile lilimtosha. Mimi liliniwasha, na Bibi Sekalinga aligeuza uso asinitazame.

Miaka mingi baadaye, nimeshaoa na kuzaa, nilishuka Ikombe kumtafuta nimwombe radhi. Nilikuta akina mama wanafinyanga nje ya nyumba zao. Nikawaeleza habari ya mama aliyepeleka vyungu vitatu Mbeya kwenye maonyesho, akarudi navyo. Wakatazamana. Mmoja wao, mtu mzima, akaniuliza kwa upole, "Baba, Mbeya tunapeleka vyungu sote. Huyo wako anaitwa nani?"

Jina lake sikuwahi kuliuliza. Nikaaga, nikaondoka, na radhi yake sikuipata mpaka leo.

Sasa wewe mwanangu unajiandaa kutundika kazi zako pamoja na za wenzako, na nasikia mnasema wote ni sawa. Vizuri. Lakini usawa hauletwi na meza. Kabla hujashika kalamu, uliza jina, na umwulize kwanza yule ambaye hakutarajia kuulizwa. Mtu ana kabila, ndiyo, ila kabila halina mikono. Mikono ni yake. Na ukimkosea mtu, tengeneza naye angali mbele yako, kwa sababu barabara ya kumfuata ni ndefu na huenda hujui utamwulizia vipi.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako na ya mikono ya jirani yako mezani. Popote utakapofika, akujalie watu watakaokuuliza unaitwa nani, na wangoje ujibu.