Mashine yangu ya espresso ilivuja, mama mkwe akaitengeneza bila kuingia jikoni

Habari zenu wakuu. Haya yalinipata mwenyewe, jikoni kwangu hapa Kisumu, na sijatia chumvi. Chumvi ndiyo kitu pekee ambacho hakikuingia kwenye ile mashine.

Nilinunua mashine ya espresso ya mtumba pale soko la Kibuye. Siku ya kwanza ikatoa kikombe kimoja cha kahawa, na vikombe viwili vya maji juu ya meza.

Nikalaumu tenki. Nikaipaka gundi ya silicone pande zote. Ikavuja vilevile.

Usifanye kama mimi. Kausha mashine kwanza, izungushie tishu, iwashe, halafu angalia ni tishu gani inalowa mapema. Maji hayajui kudanganya.

Yangu yalitoka pale ule mkono wa kubeba kahawa unapofungwa. Ndani yake kuna mpira wa duara wa kuzuia maji. Nikauchomoa, nikakuta ni mgumu kama kwato.

Nikaenda kwa fundi wa pancha mtaa wa Obunga. Akanikatia duara safi kutoka tyubu ya baiskeli.

Mashine haikuvuja hata tone. Mke wangu Achieng akaonja, akatua kikombe polepole.

"Baba Hawi, hii ni kahawa ama ni pancha?"

Siku ya tatu tyubu ikalegea kwa joto, tukarudi kwa mafuriko. Achieng akanikumbusha kwamba mama yake anakuja Jumamosi kutoka Kombewa, na ameshasikia habari za mashine. Ikituaibisha mbele yake, Jumatatu inarudi Kibuye. Nikakubali. Ningefanya nini?

Jumamosi asubuhi nilikuwa chali sakafuni, kaptula imelowa, naichungulia mashine kutoka chini. Nikasikia hodi. Mama alikuwa amepanda gari la kwanza.

Kwa wale wa mbali: kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hafai kunikuta nimelala, wala mimi sifai kumtokea na kaptula. Na mlango wa jikoni ni mmoja tu, unatazama sebuleni.

Nikavuta miguu ndani kama kobe.

Mama akakaa, akaupa mlango mgongo. Akauliza baba watoto ako wapi. Achieng akasema ako jikoni na mashine.

"Mwambie namsalimia."

Achieng akageuka. "Mama anakusalimia."

Nilikuwa nimesikia. Tulikuwa hatua tatu.

"Mwambie nimeitikia, na karibu sana."

Mama akauliza inavujia wapi. Achieng akaleta swali, akapeleka jibu, kama mkalimani kanisani. Mama akatoa hukumu.

"Mwambie hiyo ni kama sufuria yangu ya presha. Mpira hautupwi haraka hivyo. Asugue mahali unakaa, halafu augeuze."

Mpira wa zamani ulikuwa bado kwenye mkebe wa misumari. Nikachomoa waya ukutani, nikangoja mashine ipoe (usiruke hatua hii, mvuke hauna huruma), nikakwangua kwa bisibisi ule mfereji mpira unapokaa.

Wakuu, kulikuwa na unga wa kahawa wa mwenye mashine wa kwanza, umeganda kama udongo. Mpira ungekaa wapi?

Nikasugua, nikaloweka mpira kwenye maji moto, nikaugeuza, nikaurudisha. Nikawasha. Tishu zote kavu.

Achieng akapeleka kikombe. Mimi nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza kijiko kikizungusha sukari.

"Mwambie ni chungu kama dawa," mama akasema. Akanywa tena. "Lakini meza ni kavu."

Nikapumua.

"Mwambie pia pampu ya kisima changu inavuja. Jumamosi ijayo aje na hiyo bisibisi."

Achieng hakuwa amegeuka bado.

"Na avae suruali."

Niliyojifunza: tafuta maji yanatoka wapi kabla ya kupaka chochote. Safisha pale mpira unapokaa. Kuugeuza ni dawa ya muda, kwa hivyo nunua mpya wa upana na unene uleule. Na ukishindwa, mweleze tatizo mtu anayejua sufuria. Si lazima ajue espresso.

Sasa nyinyi, nani amewahi kutengeneza pampu ya mkono inayovuja shingoni? Nielezeni kabla ya Jumamosi. Suruali ninayo tayari.