Kila Siku Ninaosha Uso

Nilifundisha chuo kimoja pale Songea, zamani za Mdachi, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, na sitaki mtu aniulize kama ninajivunia. Nilikuwa na njaa. Nalisema hilo mapema ili wanaopenda kunyoosha vidole wanyooshe sasa hivi, tuendelee.

Kwetu ni Nalasi. Nilisoma chuo cha Kurani hapo nyumbani, kisha nikabeba mizigo ya watu mpaka Lindi, na huko nikapata bahati ya kukaa miaka miwili katika shule ya serikali nikajifunza herufi za Kizungu. Nikarudi bara nikijiona mtu. Songea nilifika na kanzu moja yenye kiraka mgongoni, nikakuta mji umejaa askari, wajane na mashamba yaliyoota magugu, na katikati ya hayo yote kibanda kirefu cha nyasi chenye sauti za watu wazima wakisema kwa pamoja, "Ninalipa kodi kwa moyo mweupe." Nilisimama nikadhani wanaadhibiwa.

Kumbe wanasoma. Mwenye chuo alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye tarabushi nyekundu na mwavuli ambao sikuwahi kuuona umefunguka, mvua inyeshe isinyeshe. Sote tulimwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu alituamuru. Aliniambia kwamba Lindi nako aliwahi kuwa na chuo kama hicho, ila upepo wa bahari ulimsumbua kifua akaona ahamie huku milimani. Akaniuliza kama ninajua kusoma. Nikasema najua. Akaniangalia kwa masikitiko kidogo, kisha akasema haidhuru, nitazoea.

Sikumwelewa mpaka siku ya tatu. Chuo kile kilikuwa na ukurasa mmoja. Sisemi kitabu kimoja, nasema ukurasa, aliouandika mwenyewe kwa mkono wake na kuugandisha juu ya ubao kwa utomvu. Naukumbuka kuliko ninavyokumbuka sura ya baba yangu, Mungu anisamehe. Ulisema: "Mimi ni mwanafunzi mwema. Kila siku ninaosha uso. Ninalipa kodi kwa moyo mweupe. Ng'ombe hula majani. Simba ni mkali. Ninamtii Bwana Mkubwa." Basi. Hakuna zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kusimama na kijiti, nikigusa mstari, nao waseme mpaka maneno yawaingie mifupani. Baada ya hapo kila mmoja alichukua ubao wake na kipande cha mkaa, akaiga yale maumbo mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe. Hakuna aliyeambiwa herufi hii inaitwaje wala inalia vipi. Miezi mitatu ikiisha, wazazi na ndugu waliitwa, mwanafunzi akasimama mbele yao na ubao wake, akasoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Mmoja aliushika ubao wake kichwa chini miguu juu akasoma bila kukwama hata mara moja. Baba yake alilia machozi ya furaha. Nami nilipiga makofi.

Nilijitetea moyoni, tena vizuri sana. Nilijiambia, mbona hata mimi Nalasi nilikariri kwanza, maana ikaja baadaye? Lakini maalimu wangu hakunidanganya kwamba nimemaliza, wala hakuniahidi kofia. Mwalimu Mkuu aliwaahidi watu kofia ya karani. Aliwaambia mwenye kuhitimu ataandikwa kazi bomani, na karani habebi mzigo. Kwa siku zile, ambapo askari alikuwa anakukamata njiani ukitoka kuchota maji na jioni unajikuta uko safarini na mzigo kichwani, maneno hayo yalikuwa matamu kuliko asali. Watu walileta kuku, walileta nta, wasio na kitu walimlimia shamba. Mimi nilipata chakula na kanzu mpya nyeupe pee. Kanzu ile ndiyo iliyoniziba mdomo, nisijisingizie kingine.

Halafu mmoja wa wahitimu wetu, kijana mpole wa kule bondeni, akaenda bomani kuomba kazi. Bwana wa boma akampa karatasi, ajaribu. Yule kijana akakohoa, akasimama wima kama tulivyomfundisha, akatangaza kwamba kila siku anaosha uso. Karatasi ilikuwa orodha ya wapagazi. Alipofika kwenye simba askari walikuwa wanacheka mpaka wanashika ukuta, lakini Bwana wa boma hakucheka, alidhani anafanyiwa mzaha, na yule kijana akala viboko. Akarudi kwetu akitembea kwa upande, akauliza kosa lake ni lipi.

Nilipandwa na hasira kweli kweli. Nilimfuata Mwalimu Mkuu nikamwambia tunawala watu. Akanisikiliza kwa adabu huku akitafuna paja la kuku, kisha akasema kijana alipewa karatasi mbovu. Nikacheka bila kutaka. Nikala na mimi. Ndivyo nilivyokuwa.

Wiki ileile akaja mama mmoja kutoka Matogoro. Alikuwa mfinyanzi, mtu mzima, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko, na alibeba vyungu vitatu vya ada bila kuuliza kama tunapokea wanawake. Mwalimu Mkuu alitazama vyungu, akaona tunapokea. Yule mama alituambia wazi kilichomleta. Mwanawe wa pekee alichukuliwa na askari kubeba mizigo mara tu baada ya vita, akapotelea pwani. Masika mawili yaliyopita mfanyabiashara mmoja wa Tunduru akampelekea barua, akamwambia kijana yuko Lindi, mzima, na barua ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa na habari zaidi ya hiyo. Tangu siku ile barua ilikuwa ndani ya kichungu chenye kifuniko, haijafunguliwa.

Nikamwambia, shikamoo mama, lete nikusomee sasa hivi, bure. Akanikatalia. Akanieleza kwamba jirani yake aliwahi kusomewa barua na karani mmoja, na karani akaruka pale paliposema mbuzi wenu yuko kwa fulani, kesho yake akaenda kumchukua mbuzi mwenyewe. Mtoto wake amesema naye, si na mimi. Atasoma kwa macho yake. Siku atakayohitimu ndiyo siku atakayoifungua.

Wallahi, sijapata kuona mwanafunzi kama yule. Jicho lake lilizoea kuchora nakshi kwenye vyungu, basi ule ukurasa aliunakili mpaka wake ukawa mzuri kuliko wa Mwalimu Mkuu. Wiki baada ya wiki alikuwa analeta chungu, na nyumba ya Mwalimu Mkuu ikajaa vyungu mpaka alikuwa analala kwa kujipenyeza. Kila akiondoka jioni alikuwa ananiuliza, mwalimu, nimekaribia? Nami nilimwambia umekaribia, mama. Nilisema hivyo miezi mitatu. Mwisho nikawa sioni raha hata ya kula.

Asubuhi ya siku ya kuhitimu nilidamka nikaenda Matogoro kabla hajaondoka nyumbani. Nilimkuta ameketi uani, ameshanawa, amevaa kaniki yake nzuri, na kile kichungu kiko mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoroka. Nikamwambia tu: mama, nimekudanganya. Tulichokufundisha si kusoma. Ni wimbo. Ukifungua hiyo barua haitasema nawe, na kosa ni langu. Nipe muda nikufundishe upya, herufi moja moja, sitaki hata kifuniko cha chungu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa akanitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuitazama kanzu yangu. Kisha akasema amengoja masika mawili, hangoji la tatu, akafunua kichungu, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya goti. Akaweka kidole. Akakohoa.

Akasema, "Mimi ni mwanafunzi mwema."

Nilitaka ardhi inimeze. Niliona ndiyo hayo tuliyomfanyia, mtu mwenye akili zake anaimba upuuzi wetu juu ya barua ya mtoto wake. Akaendelea, kidole kinatembea polepole: kila siku ninaosha uso. Ninalipa kodi kwa moyo mweupe. Nikainuka nimzuie, nikainama begani kwake, na macho yangu yakaangukia karatasi.

Ilikuwa imeandikwa hivyohivyo. Neno kwa neno. Ng'ombe alikuwepo, majani yalikuwepo, simba naye yuko mahali pake. Ule mkia wa herufi ambao Mwalimu Mkuu alikuwa anaupinda kwa maringo, nao ulikuwepo umepindwa. Nikakumbuka chuo cha Lindi na upepo wa bahari, nikakaa chini na ile kanzu nyeupe juu ya udongo wa kufinyangia.

"Umesoma sawasawa, mama," nikamwambia.

"Mbona umesema sijui kusoma?"

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia mwanawe alipitia mikononi mwa bwana yuleyule, akafundishwa ukurasa uleule, na alipotaka kumwandikia mama yake hakuwa na kingine cha kuandika. Akafikiri. Akauliza kama kijana naye alitoa ada. Nikasema bila shaka alitoa, sijui nini. Mimi nilikuwa nangoja alie, au anipasulie kichungu kichwani, na ningekubali lolote kati ya hayo mawili. Badala yake akarudisha kidole mstari wa pili, akakiacha hapo, na uso wake ukalegea.

"Huyu alikuwa hapendi kuosha uso," akasema. "Nilikuwa namkimbiza uwanja mzima."

Nilicheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta ninalia mimi, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye hakunijali. Alikuwa ameshafika chini ya karatasi, chini ya Bwana Mkubwa, mahali ambapo ukurasa wetu unaishia. Pale palikuwa na neno jingine. Limeandikwa kwa shida, limepinda, wino umevuja, unaona kabisa mkono huu haukuwa na mtu wa kuuongoza. Akaligusa. Akatikisa kichwa. Wimbo ulikuwa umeisha, na hilo halimo.

"Hili linasemaje?"

Nilikuwa nalo ulimini. Ningelisema mara moja nikaenda zangu. Lakini nikamkumbuka yule mbuzi, nikaumeza ulimi. Nikamwambia neno hili lina herufi mbili tu, zinajirudia, na zote mbili anaziandika kila siku. Nikachukua kijiti nikachora ya kwanza kwenye udongo mbichi, nikamwambia hii ufunge midomo, ivume. Nikachora ya pili, nikasema hii ufungue mdomo. Akaivumisha ile ya kwanza. Akafungua mdomo. Akazijaribu mbalimbali, akazisogeza karibu, mara tatu, mara nne, kama mtu anayeonja mboga kama imekolea chumvi. Halafu nikaona zimemwingia.

Hakulisema kwa sauti. Aliweka kiganja juu ya lile neno akalifunika, akageukia upande wa mlima, na mimi nikaona nitoke nikasimame nje ya ua.

Mchana ule hatukwenda kwenye sherehe. Jioni nilimwendea Mwalimu Mkuu, nikamweleza yote, nikamwambia mwanafunzi wake wa Lindi amewaandikia watu wake ule ukurasa kwa barua. Akauliza kama ameandika vizuri. Nikasema vizuri sana. Akatabasamu, akasema, "Si unaona? Chuo kinafanya kazi." Nikavua ile kanzu nikamwachia juu ya vyungu vyake, nikaondoka na ile ya kiraka. Sijidai ushujaa. Kesho yake nilipoamka na njaa niliijutia kidogo.

Nilikwenda Matogoro kufundisha kwa ugali. Siku ya kwanza nilimkuta yule mama amefinyanga kichungu kidogo, cha kiasi cha ngumi, na shingoni mwake, mahali anapochora nakshi, amechora herufi zake mbili, kisha tena zilezile mbili. Nikamwambia angoje nimpe nyingine, aweke na jina la kijana, na salamu. Akakataa. Akasema hizi ndizo anazozijua mwenyewe na ndizo mtoto alizozijua mwenyewe, ataona amejibiwa. Akakichoma, akakifunga kwa nyasi, akampa mfanyabiashara wa Tunduru aliyekuwa anashuka pwani na nta.

Kisha akanawa udongo mikononi, akaketi, akaniuliza jina la mtoto wake linaanzaje.