Kapiteni na Mabomu ya Koekelberg

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wazee kule Koekelberg, mtaa wa ugenini nilikohamia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkuu wa wauguzi alinifundisha toilette, yaani kumwosha mtu kitandani bila kumvunjia heshima. Kisha akanituma kwa Kapiteni. Katika Vita vya Pili vya Dunia mzee huyo alikuwa mhandisi wa jeshi, mteguaji wa mabomu ya ardhini. Sasa uzee ulikuwa umemvuruga akili.

Nilikuwa katikati ya chumba, beseni mkononi, alipoinua kiganja. "Madame, usisogee. Wamefukia mabomu hapo."

Bon, haya, mwingine angeendelea kutembea. Lakini mimi natoka Kivu. Dada yangu alikanyaga bomu akienda shambani. Niliona vigae vyeupe kabisa, na bado mguu ulikataa kuinuka.

Kapiteni akateremka kitandani, akalala kifudifudi, akaja akitambaa, akichokoa kila kigae kwa mpini wa kijiko. Jasho lilimtiririka. Aliogopa kweli, nami niliogopa kweli, na sikuelewa nani kati yetu ndiye mgonjwa. Aliponifikia alinishika kifundo cha mguu. "Kanyaga nilipopita mimi. Polepole."

Mkuu wa wauguzi alitukuta mlangoni, mzee yuko chini, mimi nakanyaga alipopita. "Madame Riziki, nimekuajiri umtulize, si umfuate vitani. Ukirudia, utatafuta kazi kwingine."

Nilirudia. Kila asubuhi nilisimama kizingitini nikauliza, "Kapiteni, njia ni salama?" Mara aliniruhusu, mara alinisubirisha hadi maji yakapoa. Mkuu alisema namlisha uongo. Miaka ya baadaye, nilipohamia nyumba ya wazee ya mtaa wa Forest, mkurugenzi wa huko alitufundisha kwamba mgonjwa wa kusahau habishiwi, unamfuata alipo. Donc, basi, nani alikosea?

Kapiteni alipofariki, binti yake alileta nishani ya ushujaa azikwe nayo. Nikamwuliza baba yake aliipataje.

"Aliingia kwenye mabomu kumtoa mwenzake, risasi zikivuma," alisema. "Papa hakupenda kuivaa. Yule mwenzake alikufa kabla hawajatoka."

Nimestaafu sasa, naishi mtaa wa Saint-Josse. Wasichana wanaoanza kazi hii huniuliza kama ni vema kumkubalia mgonjwa yale anayoyaona, nami huwasimulia habari ya Kapiteni. Sijui siku ile ya kwanza Kapiteni aliniona mimi au alimwona yule askari mwenzake. Ninalojua ni kwamba safari hiyo, mtu aliyemwendea alitoka hai.