Mkanda Uliokaa Manundu

Mama yangu mkubwa, Mwatumu binti Mdoe, alikuwa mtu wa kucheka sana. Ndivyo wanavyosema watu wa rika lake, nami inanibidi niwaamini, maana mimi nilipopata akili nilimkuta mkimya, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mafupi na kusubiri jibu mpaka alipate.

Kijiji chetu cha Kwemtindi kilizaliwa wakati wa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo ukoo wetu ulikaa huko porini Handeni, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya kilima, kila mtu na mahindi yake na muhogo wake. Babu yangu Mdoe alikataa kuhama. Akakaa kibarazani akiangalia lori likipita na paa la jirani, kisha la ndugu yake, mwisho akaingia ndani kufunga mizigo. Binti zake wawili, Mwatumu na mdogo wake Tatu, walijengewa nyumba zinazotazamana. Tatu ndiye mama yangu mzazi. Baba yangu alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Mnyuzi na hakurudi tena kwetu, hivyo chakula kilipikwa nyumba yoyote kati ya hizo mbili na mimi nililala popote usingizi uliponikuta.

Kilichowafanya watu waipende Kwemtindi ni maji. Mradi ulichimba kisima kirefu kwa mashine, ukaleta pampu ya injini, tangi na mabomba matatu. Wanawake waliokulia na debe kichwani, waliozoea kuondoka nyumbani kabla jua halijatoka, sasa walisimama bombani wakisutana na kuchekeana huku ndoo zinajaa zenyewe. Mama Mkubwa aliniambia kwamba siku bomba lilipofunguliwa, Tatu aliweka kichwa chini yake na nguo zote mwilini, akalowa, mwenyekiti akamkaripia mbele za wageni, naye akazidi kucheka.

Mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, mkanda wa injini ulikatika.

Kulifanyika mkutano. Fundi wa pampu alikuwa Yordani, kijana wa Mpale aliyekuja kufanya kazi kwetu, akaoa hapo hapo. Akasimama akaeleza.

"Mkanda wa saizi hii Handeni haupo. Nimetafuta. Nimempelekea salamu Amirali, yule mwenye duka la vipuri pale Manundu, Korogwe. Akiupata atatuwekea."

"Vizuri," akasema mwenyekiti, Mzee Muhidini. "Basi tutaufuata."

Watu wakaitikia. Sadala, mume wa Mama Mkubwa, akasema kutoka nyuma kwamba kama hakuna mwingine, yeye angepanda lori la mahindi. Mkutano ukaendelea na habari za shamba la pamoja, wapi palimwe na nani ametoroka zamu. Mama Mkubwa alikuwepo. Tatu alikuwepo. Hakuna aliyeona kasoro yoyote.

Yordani alijua mwenyekiti ana safari ya Korogwe kwa wakwe zake, akatulia. Mwenyekiti alikwenda Korogwe, akapita barabara ile ile ya Manundu, asiulize dukani, kwa kuwa aliamini fundi na mwenye duka wameshaelewana. Sadala alijiandaa kupanda lori, mtu akamwambia mkanda umeshafika. Na aliyemwambia alikuwa ameambiwa vile vile. Lori likaondoka bila yeye. Wiki zikapita. Kila aliyeulizwa kuhusu pampu alijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Inashughulikiwa."

Wanawake wakarudi korongoni. Chini ya kijiji kuna mto ambao kiangazi huwa mchanga mtupu, na maji yake hupatikana kwa kuchimba. Kadiri jua lilivyozidi ndivyo mashimo yalivyozidi kwenda chini, mpaka mtu akiingia kuchota kichwa chake hakionekani. Kuta zilikuwa za mchanga na udongo, zimesimama wima.

Asubuhi moja walikuwa kwenye foleni, mama yangu mbele, dada yake nyuma yake. Tatu akashuka shimoni na kata ya kuchotea. Akateka mara ya kwanza, akampa dada yake juu amimine kwenye debe. Akateka tena. Mama Mkubwa aliinama kupokea, akaona ukuta wa upande wa pili unaachia, polepole, kama mtu anayejinyanyua kwenye kiti. Alimwita jina. Tatu alitazama juu kumwangalia yeye, hakuutazama ukuta.

Walichimba kwa majembe, kisha kwa mikono kwa kuogopa kumkata. Wanaume walikuja mbio kutoka shambani. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa, na kata ilikuwa bado mkononi.

Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni kwamba siku hiyo hakuna aliyenizuia kula sukari.

Matanga yalipomalizika, Mama Mkubwa alifunga kanga, akapanda gari la kwanza la kwenda Korogwe. Hakumuaga mtu. Alifika Manundu, akauliza duka la Amirali, akaelekezwa. Amirali alikuwa mzee mwenye miwani mizito, amekaa nyuma ya kaunta na mke wake Sakina akipanga boksi za misumari.

"Shikamoo mzee. Nimetoka Kwemtindi."

"Marahaba, mama. Kwemtindi?" Amirali akageuka, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake, akashusha mkanda mweusi uliokunjwa. Kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi kilikuwa na jina la kijiji. "Huu hapa. Ulikuja juma lile lile fundi wenu aliponitumia salamu. Nimengoja, nimengoja. Juzi nikamwambia mama huyu, labda wale watu wameacha mradi wao."

Mama Mkubwa hakuupokea. Amirali akauweka juu ya kaunta, wakautazama wote watatu. Sakina, ambaye pengine aliona kitu usoni mwake, akauliza kama kuna msiba nyumbani.

"Nimemzika mdogo wangu," akasema. "Alikuwa anachota maji."

Amirali akavua miwani. Akasema angeutuma kwa basi lolote, bure, lau angejua. Alisema hivyo mara nyingi, na Mama Mkubwa ndiye aliyegeuka kuwa wa kumtuliza. Sakina alimpa chai, hakuweza kuinywa. Akarudi Kwemtindi na mkanda umelala mapajani, na Yordani akaufunga jioni hiyo hiyo akilia waziwazi, mtu mzima, mikono imejaa grisi. Injini iliwaka mara moja. Maji yakatoka.

Kwenye mkutano uliofuata watu walikuja wakiwa wameinamisha vichwa. Mzee Muhidini alizungumza habari za kudra ya Mungu, na alizungumza vizuri, maana alikuwa mtu mwema. Alipomaliza, Mama Mkubwa akasimama.

"Mimi simdai mtu damu," akasema. "Na mimi nilikuwepo tuliposema tutaufuata. Ninauliza tu. Ni nani tuliyemtuma?"

Akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee Muhidini, ni wewe?"

"Sikutumwa mimi, mama. Nilidhani fundi."

"Yordani?"

"Nilidhani mwenyekiti."

Akamtazama mume wake, Sadala, lakini hakumtaja. Akasema kuanzia siku ile tatizo lolote la maji aletewe yeye, na halitaondoka kwake mpaka lipate mtu mmoja mwenye jina, na siku. Hakuna aliyempinga. Nani angethubutu?

Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ambayo haikuwa na cheo. Alikuwa amejifunza kuandika kwenye madarasa ya watu wazima. Ukutani ndani ya kibanda cha pampu aliandika kwa mkaa: bomba la shuleni linavuja, Fulani, Ijumaa. Mbao ya mfuniko wa tangi imeoza, Fulani, kabla ya masika. Mtu akisema, "Nimemaliza," hakufuta. Alikwenda mwenyewe, akafungua, akagusa, akasubiri aone kama panalowa tena, ndipo akarudi na kitambaa kibichi. Kama siku ilipita na kazi haijafanyika, hakufoka. Alikuja nyumbani kwako asubuhi, akabisha hodi, akakuuliza kilichokukwamisha ni nini. Mara nyingi kulikuwa na sababu ya kweli: spana imeazimwa, mtoto anaumwa, aliyepewa kazi hajui kuifanya na anaona haya kusema. Basi akatafuta spana, au akampa kazi mwingine, jina likabadilishwa mbele ya wote wawili ili asiwepo wa kudhani.

Wafugaji walipoleta ng'ombe bombani na kuvunja sakafu, vijana wetu walitaka kuwafukuza kwa fimbo. Yeye alikwenda kwa mzee wao, akakaa naye mpaka mchana, akarudi na makubaliano: wao watajenga birika la kunyweshea mbali na bomba, Yordani atavuta mpira wa maji. Aliandika majina mawili ukutani, la Yordani na la yule mzee wa Kimasai. Birika lilijengwa.

Watu walisema Kwemtindi kuna mradi usiokufa. Wageni waliletwa kuutazama. Mama Mkubwa hakuwahi kutokea mbele ya wageni.

Nyumbani mambo hayakwenda hivyo. Sadala aliuona ule ukimya wake kama mashtaka. Nilikuwa nimekwisha kua kiasi cha kuelewa, nikiwa nimelala chumba cha pili, siku aliposema:

"Unaniona mimi ndiye niliyemuua Tatu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Ungesema ningekujibu."

"Sadala, na mimi nilikuwepo kwenye mkutano."

"Lakini mimi ndiye niliyesema nitapanda lori."

Nilingoja amjibu. Nadhani na yeye Sadala alingoja. Baada ya mavuno alihamia mahame, kwenye shamba la zamani, akasema anakwenda kulinda mihogo isiliwe na nguruwe. Hakumpa talaka. Alimletea muhogo na asali, akaviacha kibarazani. Mama Mkubwa alikuwa na jawabu la kila ufa wa tangi, lakini hili la nyumbani kwake hakujua alikabidhi kwa nani.

Vita vya Uganda vilipokwisha, dizeli ikaadimika. Injini haikuwa na ubovu wowote. Yordani aliipangusa kila siku kama kawaida. Mama Mkubwa akaandika ukutani: mafuta. Akasimama na mkaa mkononi. Mzee Muhidini, aliyekuwa ameshazeeka, akamwambia kwa upole, "Hapo mwanangu hapana mtu wa kuandikwa." Mama Mkubwa akaandika jina lake mwenyewe.

Alikwenda Handeni mjini, akaambiwa hakuna. Alikwenda Korogwe, akalala kwa akina Sakina, akasimama kwenye foleni ya kituo cha mafuta na dumu lake pamoja na wenye malori, akarudi na kidogo kisichotosha kujaza tangi. Alikwenda tena. Mara nyingine nilifuatana naye, tukitembea kutoka barabarani hadi kijijini na dumu tupu likigonga goti lake. Hakulalamika. Alichosema mara moja tu, tukiwa tumepumzika njiani, ni hiki: "Zamda, zile nyingine zilikuwa rahisi. Nilikuwa sijui kama ni rahisi."

Kiangazi kile mabomba yalikauka, na wanawake wakachukua majembe kurudi korongoni. Mama Mkubwa hakuwa amekanyaga pale tangu siku aliyofukiwa Tatu. Alipitia njia nyingine hata akienda shambani. Asubuhi ya kwanza walipoanza kuchimba alitokea juu ya ukingo, amevaa kanga kuukuu, akashuka mpaka mchangani. Wanawake wakaacha kuchimba.

"Chimbeni pana," akasema. "Huu ukuta ulazeni. Wekeni ngazi. Mtu asishuke kama shimo limempita kifua."

"Itachukua siku nzima, dada," mmoja akasema.

"Ichukue."

Alibaki pale. Kesho yake akarudi, na siku zote za kiangazi hicho na viangazi vilivyofuata, akisimama juani akiangalia kuta. Masika yalipofuta mashimo, walianza upya. Hakuna mwingine aliyefukiwa Kwemtindi. Maji ya bomba hayakurudi Mama Mkubwa akiwa hai. Injini ilichukuliwa baadaye kupelekwa kijiji kingine, ikasemwa ni kwa muda.

Alifariki kwa homa, wakati wa vuli, kabla hajawa mtu mzima sana. Siku za mwisho alikuwa akiweweseka na kumwita mama yangu, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita jirani. Nilimtuma mtu mahame. Sadala akaja kwa miguu, akafika tumekwisha kumkafini. Hakuingia ndani. Alikaa nje, mgongo ukutani, kofia mkononi, mpaka jeneza lilipotolewa, na wanaume walipompisha abebe mbele alitikisa kichwa, akabeba nyuma.

Baada ya mazishi nilimpelekea uji. Akaushika bila kunywa.

"Aliwahi kusema chochote?" akaniuliza. "Juu yangu."

Nilitaka kumpa neno zuri. Nilitafuta, nikakumbuka tu kwamba kila alipoleta asali, Mama Mkubwa aliiingiza ndani kabla sisimizi hawajaifikia, akaiosha chupa, akairudisha kibarazani ili aikute. Nikamwambia hivyo. Akanywa uji, akanirudishia bakuli, akaondoka kabla ya mvua.