Mto wa Sufi na Hedifoni za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na maradhi ya kupenda vitu visivyo na kazi. Wanaume wengine walipatwa na pombe, yeye alipatwa na hedifoni. Heri pombe, maana mlevi humkaribisha jirani.

Miaka hiyo ya hamsini tulikaa Ifakara, jirani kabisa na soko, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake, kwa kuwa alikuwa fundi redio. Mali yake kubwa ilikuwa amplifaya, sanduku zito la chuma lenye taa za kioo ndani, lililotumia betri ya lori. Waya ulitoka kwenye sanduku, ukapenya chini ya bati na kwenda kwenye spika yenye mdomo mpana kama tarumbeta, aliyoifunga juu ya paa ikitazama sokoni. Kazi ya mashine ile ilikuwa kutangaza tu. Mkutano uko wapi, mbuzi wa nani amepotea, nani ameleta kambale wabichi kutoka Kivukoni. Ikiwashwa, hata watu wa ng'ambo ya mto Lumemo walijua habari za kwetu. Tulikula kwa mashine hiyo, na mimi sikuwa na ugomvi nayo.

Ugomvi ulikuja na Mzungu mmoja aliyekuwa akipima mito ya bonde letu. Alipofungasha vitu vyake kurudi kwao, mume wangu akajipeleka kumsaidia kufunga masanduku, akarudi na hedifoni. Zilikuwa vikombe viwili vizito vyenye ngozi laini, vimeunganishwa kwa upinde wa chuma, zimelazwa katika kisanduku chenye kitambaa cha buluu ndani. Kitoto changu hakikuwahi kulazwa pazuri vile. Kwa kuzipata alikuwa ametoa baiskeli yetu, ile ile niliyokuwa nikipelekea mpunga mashineni. Kuanzia hapo mpunga nikaubeba kichwani, na yeye kichwani akavaa muziki.

Ajabu ni kwamba redio yetu haikuziweza. Alipozichomeka, sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu aliye nje ya chandarua. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi, nimepigwa, nidai baiskeli yangu. Mume wangu alisema hedifoni za daraja hilo zina njaa, zinataka nguvu. Akazifunga kwenye amplifaya ya spika.

Rafiki yake mmoja, karani wa bohari ya pamba, alikuja jioni akaziona, akashika kiuno. "Bwana, utaziunguza. Mashine ya kuamsha mji mzima unaifunga masikioni?"

"Wewe kaa na magunia yako," mume wangu akamjibu. "Sauti nzuri haitoki kwenye mashine dhaifu."

Basi ikawa hivyo. Nguvu ya kuita watu kutoka ng'ambo ya Lumemo, yote imemiminwa masikioni mwa mwanamume mmoja aliyefumba macho kama anayepokea komunyo.

Tena spika ya juu ya paa hakuiondoa. Alisema amplifaya ya namna ile ikiwashwa bila spika yake hujiunguza yenyewe, lazima iwe na mzigo wa kusukuma. Pengine ni kweli, mimi sijui. Lakini hakutaka soko lisikie muziki wake bure. Kwa hiyo akapanda juu ya paa na mto wangu. Mto wangu wa sufi, nilioushona na kuujaza mwenyewe kabla sijaolewa! Akausokomeza mdomoni mwa spika mpaka ikawa bubu. Akija mtu mwenye tangazo, alipanda, akauchomoa, akatangaza, akaurudisha. Nilimwuliza mimi nitalalia nini.

"Kunja kanga," alisema, bila kuvua hedifoni.

Jioni walikuja wanaume wenzake kuzijaribu. Walikaa kwenye benchi, wakipokezana, na kila aliyezivaa alitikisa kichwa taratibu kama aliyepewa siri. "Nasikia mpiga gitaa anavyovuta pumzi," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Mimi namsikia mtangazaji akimeza mate." Kumeza mate! Nguruwe mwitu wanamaliza mpunga wao mashambani, na wao wamefuata mate ya mtu wa Dar es Salaam.

Kisha mama yangu akaja kutoka Masagati.

Alikuja kabla ya masika, kwa sababu mvua zikishika, kule kwao hakuna wa kutoka wala wa kuingia. Masikio yake yalikuwa yamekufa polepole kwa miaka mingi. Ukimpigia kelele sikioni kwa sauti nzito, alipata neno moja moja. Naye, kama walivyo viziwi wengi, hakujua sauti yake mwenyewe imefika wapi, akisema jambo anapaza kama anafukuza ndege shambani. Siku ya kwanza tu, tukiwa uani, aliniuliza mbele ya majirani wote: "Huyu mkwe wangu mbona mikono yake laini hivi? Halimi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja wala hawasemezani, na kilichogusa kichwa cha mmoja, mwingine hakivai. Wakiwa na neno, hupelekwa na mtoto. Mjumbe wetu alikuwa binti yetu mdogo, aliyeanza tu kusema vizuri na aliyepewa jina la bibi yake huyo huyo. Mama alilala chumba cha mbele, maana kingine hatukuwa nacho, hivyo mume wangu akawa hana pa kuingia na hedifoni zake ziko ndani. Alizunguka sokoni kutwa kama kuku aliyenyimwa banda. Kila asubuhi, kabla hajaondoka, alisimama nyuma ya nyumba, akamnong'oneza mtoto ujumbe. Mtoto alikwenda kwa bibi yake, akapiga goti, akausema. Mimi nikiwa jikoni uani nilichosikia ni jibu la mama tu, na hilo hata jirani alilisikia: "Mwambie baba yako nashukuru sana! Nami namsalimu!"

Nilijisemea kwamba, pamoja na upuuzi wake wote, adabu anayo.

Mto wangu nao niliukomboa. Mume wangu alipokwenda Kivukoni kutafuta samaki, niliazima ngazi kwa jirani, nikapanda mwenyewe na kuuchomoa. Ulinuka kutu na mvua. Niliuanika juani, nikaugongagonga, nikampa mama alalie.

Jambo moja tu lilimsumbua mama. Alikuwa akimpakata mjukuu wake, anamwekea kiganja kifuani mtoto anaposema, apate angalau mtetemo wake. Sauti ya mtoto ilikuwa nyembamba mno kwa masikio yale, hata akiweka mdomo sikioni. Mama akaniuliza, "Ana sauti gani huyu? Imefanana na yako, au amechukua ya upande wa baba yake?" Nikajinyoshea kidole mwenyewe, kwamba ni kama yangu. Akatikisa kichwa. Kuambiwa hakukumtosha. "Mimi ni mzee," alisema. "Masika haya yakifunga njia, sijui kama nitakuja tena. Nitaondoka bila kuisikia sauti ya mwenye jina langu?"

Jambo la kufanya lilikuwa mbele ya macho yetu, juu ya meza. Kulikuwa na maikrofoni ya kutangazia, na mashine ya kukuza sauti, na hedifoni zilizolazwa kwenye kitambaa cha buluu. Kama kuna kichwa kilichostahili nguvu yote ile, ni cha mama. Nilimfuata mume wangu sokoni, nikamweleza.

"Haiwezekani," alisema. "Ni mwiko. Akizivaa yeye, mimi nitazivaaje tena?"

Mwiko! Desturi hiyo hiyo inamtaka mkwe akamlimie mama mkwe shamba lake. Hiyo hakuikumbuka hata msimu mmoja. Desturi inamtaka ampelekee kuni, ampelekee nguo. Hizo nazo alizisahau njiani. Ya hedifoni aliikumbuka papo hapo, tena kwa uso wa huzuni kama mzee wa ukoo. Nilimdharau siku ile kuliko siku zote, na nilimwambia hivyo mbele ya karani. Karani alitazama viatu vyake.

Mama alikuwa aondoke kesho yake. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango wa chumba cha mbele. Nilikuwa nimemwona mume wangu akiiwasha mashine ile mara zisizo na idadi, haikuwa elimu ya Ulaya. Unageuza swichi, unangoja taa zipate joto, unachomeka. Nilimkalisha mama kwenye benchi la wasikiliza mate, nikamvika hedifoni juu ya kilemba chake.

Mashine ikaanza kuvuma, na mama akashtuka. "Mvua inanyesha?" akauliza kwa sauti yake ile kubwa.

Alikuwa ameusikia mvumo. Nilitaka kulia hapo hapo. Nikamshikisha mtoto maikrofoni kwa mikono miwili, nikamwambia, "Sema na bibi."

Basi mtoto akafanya kama alivyozoeshwa. Akapiga goti mbele ya bibi yake, akasema:

"Shikamoo bibi. Baba anauliza, utaondoka lini? Baba anasema kelele zako zimemchosha. Anasema wewe ni gogo."

Kwanza sikuelewa kwa nini sauti ya mwanangu inatoka mahali pawili. Halafu nikaelewa. Spika ya juu ya paa nilikuwa nimeisahau kabisa, na mto uliokuwa ukiiziba ulikuwa kitandani kwa mama. Nje, soko lote liligeuza vichwa kutazama paa letu. Wauza samaki, wauza mchele, wanawake wa Kipogoro walioteremka na mizigo yao ya ndizi, wote walikuwa wamesikia mtu akimwuliza mama mkwe wake ataondoka lini. Kisha vicheko vikalipuka, na sauti ya bibi mmoja ikavipita vyote: "Ni mkwe wa nani huyo?" Kana kwamba hawakujua.

Na mimi ndipo nikajua ujumbe ambao mama alikuwa akiushukuru kila asubuhi. Alikuwa akiona goti la mtoto na midomo inayocheza, akadhani anasalimiwa. Na yule bwana, aliyejua kwamba masikio yale hayapati kitu, alikuwa akimtuma mtoto wangu kumtukana mama yangu kwa heshima zote.

Nikanyoosha mkono nimvue. Mama akazishika hedifoni kwa mikono yake miwili, akazikandamiza masikioni.

Wakati huo mume wangu alikuwa amefika mbio, anahema. Alisukuma mlango, akamwona mama mkwe wake amezivaa, akakwama kizingitini. Kuingia hawezi. Kutazama hawezi. Aligeuka akatupa mgongo, akapiga kelele akiutazama ukuta wa jirani: "Zima! Zima mashine!" Maikrofoni ikaichukua na hiyo pia, na soko likasikia. Mashine ikapiga mluzi mrefu.

Mama alikuwa akimtazama mjukuu wake tu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Sema tena," alisema.

Mtoto akanitazama.

"Sema tena, mjukuu wangu."

Mtoto akasema tena, yote, tangu shikamoo hadi gogo, polepole na vizuri kama mtoto aliyelelewa. Nami nikageuza kile kitufe cha sauti mpaka kilipogoma. Wallahi sikujali soko wala mume. Kama ndiyo maneno pekee ambayo mama yangu angeyapata kutoka kinywa cha mtoto huyu, basi ayapate sawasawa.

Alipomaliza, hedifoni zikatoa mlio kama kijiti kinachovunjika, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Karani alikuwa amesema kweli. Mama akangoja kidogo, akaona hakuna kitu tena, akazivua na kuzilaza kwenye kitambaa cha buluu. Kisha akamwambia mtoto, kwa sauti kubwa ile ile, lakini bila hasira hata chembe: "Mwambie baba yako, kesho alfajiri. Na mwambie nashukuru kwa kuniazima."

Mtoto akaenda kizingitini, akaufikisha ujumbe kwenye mgongo wa baba yake.

Mume wangu alizifungua hedifoni zile, akazifunga, akazifungua tena, msimu mzima, hazikupona. Mpaka uzee wake aliwaambia watu kwamba ziliuawa na masikio ya mama mkwe. Wazee walimwita, wakamwambia aende Masagati na mbuzi na jembe. Alikwenda, akalima vibaya, akarudi na malengelenge aliyoyaonyesha kila mtu. Wanaume wa benchi walihamia kwa mtu mwenye gramafoni.

Mama hakurudi tena Ifakara. Lakini waliotoka Masagati waliniletea habari kwamba huko alijisifu kwa kila mtu, kisimani, kanisani, shambani, kwamba amemsikia mjukuu wake, na sauti yake ni kama ya mama yake, haikosei hata kidogo. Walipomwuliza mtoto alisema nini, alijibu, "Aliniamkia."