Mboji ya Mama Kule Lodwar

Harufu ya maganda ya viazi yaliyoanza kuoza, yakichanganyika na majani ya chai na jivu, hunisisimua mwili hadi leo. Wengine wakiisikia hufikiria shamba. Mimi hutazama kwanza ninapokanyaga.

Tulihamia Lodwar mwaka 2012, baba alipopewa uhamisho wa kazi kutoka Bungoma. Nilikuwa na miaka minane. Mama, aliyekulia kwenye udongo mweusi, aliutazama mchanga wa uani akaguna. Sukuma wiki ya sokoni ilifika kwa lori kutoka Kitale ikiwa imenyauka kama kitambaa cha kupangusia meza. Basi akaamua kutengeneza udongo wake mwenyewe.

Alichimba shimo nyuma ya jikoni. Humo tulimwaga maganda, ugali uliolala na maji ya kuoshea mchele, kisha tukatandaza samadi ya mbuzi, jivu na nyasi kavu, na juu kabisa gunia lililoloweshwa. Mara kwa mara mama alichomeka kijiti katikati, akakichomoa na kunigusisha shavuni. Kilikuwa cha moto.

"Inaiva," alisema, kwa furaha ya mtu anayepikia wageni pilau.

Mimi lile joto sikulipenda. Nilihisi kama kuna kitu kinapumua mle ndani.

Jirani yetu Mama Ekal, Mturkana aliyefuga mbuzi, alikuja uani siku moja. "Ejok," alitusalimia, kisha akalikodolea macho lile shimo. "Mama Nekesa, hii kitu yako iko na maji. Huku kwingine yote ni kavu. Itaita wengine."

"Iite hata chifu," mama akacheka, "bora sukuma ikue."

Walioitika kwanza walikuwa vyura. Kila jioni walikoroma chini ya gunia, nikawazoea. Kisha sauti zikapungua, hadi jioni moja kukawa kimya. Kuku wetu, waliopenda kuchakura pale, sasa walipita mbali wamenyoosha shingo. Asubuhi moja niliona alama iliyopindapinda kwenye jivu, kama mtu ameburuta kamba. Nilimwita mama. Akasema ni kamba ya mbuzi wa Mama Ekal. Lakini mbuzi wa Mama Ekal hawakuwahi kufungwa kamba.

Jumamosi moja, baba akiwa Kakuma kikazi, mama alichukua jembe. "Leo tunageuza," akasema. Nilisimama nyuma yake na jagi la maji. Alipovuta gunia, kitu chekundu kama tofali kiliinuka kutoka kwenye mboji, shingo imepanuka. Nyoka yule hakuuma. Alitema.

Mama alipiga yowe ambalo sijalisikia tena kwa mtu. Jembe likaanguka. "Nekesa, usisogee!" alilia, macho yakimchuruzika. Kisha akasimama palepale, mikono ameitanua, hakwenda mbele wala nyuma, na nyoka akiyumba mbele yake. Nilitaka kumwambia akimbie. Badala yake nililikumbatia jagi.

Mama Ekal alifika mbio, fimbo mkono mmoja na kibuyu cha maziwa mkono wa pili. Aliipiga ardhi kwa fimbo mpaka nyoka akateremka na kupotelea kwenye mawe. Akamlaza mama chini. "Usifikiche! Fungua macho!" Akamimina maziwa yote, kisha akalipokea jagi langu akamimina na maji, halafu tukampeleka hospitali.

Vijana wa jirani walifukua shimo. Katikati, penye joto zaidi, walikuta mayai meupe, laini kama ngozi. Wakayamwagia mafuta ya taa wakayachoma, na moshi wake ukakaa uani mchana kutwa.

Baba alirudi kutoka Kakuma akamkuta mama amefungwa bendeji. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu, na mboji hatukutengeneza tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama aliganda kwa woga, na moyoni nilimwonea aibu kidogo. Nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe ndipo nilipomuuliza mama kwa nini hakukimbia.

Aligeuza uso ili anione kwa lile jicho zima.

"Sikuwa nakuona uko wapi," akasema. "Ningetoka mbele ya yule nyoka, angebaki na nani?"