Nukta Pembeni mwa Nyota ya Mwalimu

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba anazima simu yake, anaitia kwenye sanduku la chuma getini na kutia sahihi kwenye daftari la mlinzi. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, ambaye bado ameing'ang'ania yake.

"Weka, weka. Hutakufa," anasema. "Humu hata mimi wananipekua, na nina miaka kumi na tisa."

Nyuma ya geti zimesimama sahani kumi na sita za chuma, kila moja pana kama nyumba ya vyumba viwili, zote zimeelekezwa upande mmoja wa mbingu. Hii ni darubini ya redio. Haitazami nyota, inazisikiliza, na sauti zenyewe ni hafifu kiasi kwamba simu moja ya mfukoni inazifunika zote.

Watafiti wanaoitumia wako mbali, na wengi wao hawajawahi kulikanyaga hili vumbi. Wanachopata ni data kwenye kompyuta zao, pamoja na barua fupi kila Jumatatu: sahani ipi ni mbovu, programu ipi ya kuchakata data imebadilishwa, saa ngapi radi iliharibu usikivu. Barua hizo anaziandika mwanamke huyu. Wamemzoea kwa jina la Mama Taarifa, na hata mlinzi hamwiti vingine.

"Mtu anapiga simu ya ofisi amefura, utadhani mbingu nimezifunga mimi," anasema akicheka. "Namwambia, baba, mvua hainiombi ruhusa."

Kicheko kinaishia mlangoni mwa chumba namba nne. Humo kompyuta imekesha ikichakata upya data za mtu mmoja, na ikifika mchana itakuwa imemaliza. Mama Taarifa anaitazama asilimia iliyoandikwa kwenye kioo, themanini na mbili, anavuta kiti na kukaa. Mwenye data hizo ni marehemu.

Yote yalianza mwaka jana, siku sahani ya tisa ilipohamishiwa kwenye msingi mpya. Sahani ikihama, wapimaji hutafuta nafasi yake upya hadi milimita ya mwisho, halafu Mama Taarifa huingiza marekebisho kwenye jedwali linalotumiwa na kompyuta zote. Siku hiyo karatasi ilisema milimita kumi na mbili. Zilikuwa za kujumlisha. Yeye akazitoa.

"Nimefanya kazi hiyo mara mia na zaidi," anasema. "Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, hakuna aliyenisumbua. Nilitoa badala ya kujumlisha, basi. Ningekuwa na kisingizio ningekupa."

Kwa miezi mitano na siku sita sahani ya tisa ikawa inasikiliza kutoka mahali ambapo haipo. Nyota zenye nguvu hazikudhurika, kwa kuwa kompyuta huzirekebisha kwa kutumia sauti zao zenyewe. Zilizoumia ni zile hafifu. Kosa dogo kama hilo huzitawanya, na mara nyingine huacha alama pembeni yake inayofanana kabisa na kitu cha kweli.

Katika miezi hiyo mitano mzee mmoja alipewa zamu tisa za kutumia darubini. Alikuwa mhadhiri mstaafu wa miaka sabini na mmoja, na hapa kituoni kila mtu alimwita Mwalimu. Kwa miaka ishirini na miwili alifuatilia nyota moja hafifu isiyo na jina, ina namba tu, akiamini kwamba ina mwenzake anayeizunguka. Wenzake walimtania kwamba anaitafutia nyota mchumba. Maombi yake ya zamu yalikataliwa mara sita.

Zamu hizo tisa zilipochakatwa, nukta ilionekana pembeni mwa nyota, upande wa kulia, ndogo lakini safi. Mwalimu aliandika makala yake akiwa ameshaanza kulazwa.

Mama Taarifa aligundua kosa Jumanne moja, sahani ya tisa ilipopimwa tena na kipimo kipya kupishana na jedwali kwa milimita ishirini na nne. Alifungua orodha ya waliotumia darubini katika kipindi hicho. Anasema aliliona jina la Mwalimu kabla hajalisoma.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia.

"Binti, wamekubali," ilisema sauti ya Mwalimu kutoka hospitali, ikikatwakatwa na pumzi. "Jarida limekubali. Nimewaambia manesi wote humu, nyota yangu haiko peke yake."

Mama Taarifa anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Nilimwambia hongera," anasema. "Ulimi ulijisemea wenyewe. Nikajipa moyo kwamba apate nafuu kwanza, nitamwambia Jumatatu."

Mwalimu alifariki Jumapili.

Nyumbani, mume wa Mama Taarifa, ambaye ni fundi wa majokofu, aliona mambo yamegeuka. Mkewe alikuwa halali, hali, na akiulizwa anajibu kitu kingine kabisa. "Siku ya nne baada ya msiba nikamwambia, mke wangu, kama kuna mwanamume mwingine niambie mapema nijipange," anakumbuka mume huyo. "Akanijibu, yupo, tumemzika jana. Nilitaka kucheka, halafu nikamwona uso."

Taarifa kwa watumiaji ilitoka juma lililofuata. Mkuu wa kituo, mtu mpole anayependa maneno laini, alikuwa ameiandaa mwenyewe: "Marekebisho madogo yamefanyika kwenye jedwali la nafasi za sahani." Mama Taarifa alifuta neno "madogo". Kisha akafuta sentensi nzima na kuandika kwamba kosa limefanywa na yeye, tarehe fulani, na kwamba data zote za vitu hafifu zichakatwe upya.

"Nilimwambia taarifa zetu hazina 'mimi'," anasema mkuu. "Akasema hii inayo. Nikatia sahihi."

Vikundi sitini na vitatu vya watafiti viliathirika. Mmoja aliandika matusi ukurasa mzima. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amebakiza miezi miwili kuhitimu alilazimika kurudia mwaka. Wengi walishukuru tu na kuanza upya. Mama Taarifa hakupewa hata onyo, na anasema afadhali wangempa.

Zamu tisa za Mwalimu hazikuwa na mtu wa kuzichakata upya. Mtafiti aliyeandika naye makala alishaliarifu jarida, ambalo litatoa masahihisho mwezi ujao, lakini kompyuta yake haina uwezo wa kazi hiyo. Mama Taarifa akaomba kuifanya mwenyewe, katika saa zake za mapumziko ya mchana. Imemchukua majuma saba.

Kwa nini ajitese hivyo?

"Kwa sababu huenda nukta ipo kweli," anasema haraka, kama mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi kichwani. "Kosa langu liliharibu picha. Halimaanishi kwamba yeye alikosea. Huenda mwenzake yupo pale, upande mwingine kidogo. Si inawezekana?"

Kuna mtu mwingine anayeingoja picha hiyo bila kujua. Mjane wa Mwalimu, mwalimu mstaafu wa chekechea, alipiga simu baada ya arubaini kuuliza kama kituo kinaweza kumchapia ile ya zamani kwa ukubwa wa kutundika sebuleni. Wajukuu wanaipenda, alisema. Nyota na nukta yake wamezipa majina: Babu na Bibi.

"Taarifa zangu zinawafikia watumiaji elfu moja mia mbili," anasema Mama Taarifa. "Yule mama si mtumiaji. Hayumo kwenye orodha yoyote."

Saa saba na dakika kumi kompyuta inamaliza. Mkuu wa kituo amekuja kusimama mlangoni, mikono mifukoni. Mama Taarifa anafungua picha mbili, ya zamani kushoto na mpya kulia.

Nyota kwenye picha mpya ni nzuri zaidi. Imekusanyika, ina kingo safi, inang'aa kuliko ilivyowahi kung'aa katika miaka yote ishirini na miwili. Pembeni yake hakuna kitu. Mama Taarifa anakuza picha upande wa kulia, kisha kushoto, kisha juu na chini, polepole, kama anayetafuta sindano sakafuni.

"Iko peke yake," anasema.

"Pole, Mama," anasema mkuu.

"Usinipe pole mimi." Anaanza kulia, waziwazi, bila kujificha uso. Alimpenda yule mzee, na baada ya miaka ishirini na miwili ya kungoja, furaha aliyompa ilikuwa ya uongo.

Akishatulia, anahifadhi picha mpya na kuandika kwenye kumbukumbu za kituo mstari mmoja unaotakiwa: zamu tisa, zimechakatwa upya, kitu cha pili hakikuonekana. Halafu anachukua fomu ya likizo. Anaomba siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Kwa mjane ni saa sita za basi.

Mkuu anamshauri apige simu tu, au aandike barua nzuri. Hakuna kwenye kituo hiki anayejua kuandika kumzidi.

"Barua nilizomwandikia mumewe zinatosha," anajibu. "Huyu nitamwambia nikiwa nimekaa mbele yake. Wale wajukuu wasije wakayasoma kwenye jarida wakiwa wakubwa, wakadhani babu yao alitudanganya. Aliyedanganywa ni yeye."

Anatia sahihi fomu na kuisukuma mezani. Anaulizwa anatarajia nini huko anakokwenda.

"Msamaha siendi kuuomba, ni mzigo mwingine kwake," anasema. "Najua atanikaribisha vizuri, atachemsha chai, kwa kuwa anadhani nimemletea picha kubwa. Nitakunywa kidogo, nitamwambia. Ninachoomba ni kimoja tu. Nikishasema, aniache niimalize ile chai."